Kuanzisha blogu ukiwa Dodoma: funguo kwanza, rangi baadaye

Asubuhi moja mwaka juzi niko soko la Majengo nachagua mlenda, simu ikaita, mpwa wangu anayesoma UDOM. "Mjomba shikamoo." Marahaba, za chuo? "Nzuri. Mjomba, hivi siku hizi blogu yako unaandika Kijapani?" Nikajua huyo anatafuta hela ya bando kwa njia ya kuzunguka. Kumbe wala. Alikuwa ameitafuta Google ili amwonyeshe mwenzake makala yangu ya kupogoa mizabibu, na majibu karibu yote yaliyokuja chini ya jina la blogu yangu yalikuwa maandishi ya Kijapani, mikoba, saa, viatu, mamia kwa mamia. Nikaifungua palepale kwenye simu, mbona naona kawaida tu, picha ya shamba la Hombolo ipo, makala zipo, kila kitu kizima. Ndo ujanja wenyewe huo, nitaueleza huko mbele.

Kilichoniuma zaidi siyo Wajapani. Kilichoniuma ni kwamba nlipotaka kuingia nirekebishe, nikakuta sina pa kuingilia. Domeini, yaani jina la blogu mtandaoni, ilisajiliwa kwa jina la kijana aliyenitengenezea, hostingi, yaani seva inayoitunza blogu, iko kwenye imeili yake, yeye kahamia Mwanza na namba haipatikani. Miaka minne naandika, kumbe nlikuwa mpangaji kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Kwa hiyo humu naanza na funguo. Watu wengi wanaanza na rangi na themu (vazi la blogu), halafu funguo wanampa fundi akae nazo.

Domeini isome jina lako

Ukinunua domeini, iwe .com au .co.tz au .or.tz, nunua mwenyewe kwa akaunti uliyoifungua mwenyewe, fundi akae pembeni akuelekeze tu. Kama huna kadi ya benki inayolipa nje, kampuni za hapa nchini zinazouza .tz nyingi zinapokea hela ya simu, na .co.tz haina ubaya wowote kwa blogu ya watu wa hapa. Kwa .com andaa kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka, na uwe macho na zile ofa za mwaka wa kwanza bei chee, angalia bei ya kulipia upya mwaka wa pili ndo uamue, hapo ndo wanapokukamatia.

Baada ya kununua .com utatumiwa imeili ya kuthibitisha anwani yako. Usiipuuze. Ukipitisha siku 15 bila kubonyeza ile linki domeini inaweza kusimamishwa, na wewe utabaki unalaumu mtandao wa simu. Kitu kingine ambacho sijui kwa nini hakisemwi: imeili unayosajilia domeini isiwe ya domeini hiyohiyo. Ukisajili kwa info@ ya blogu yako, siku domeini ikiisha muda na imeili inakufa nayo, na ujumbe wa kukukumbusha ulipie unakuja kwenye sanduku ambalo halifunguki. Tumia Gmail yako ya kawaida. Na namba ya simu uliyoiweka iwe ile laini unayoitumia kila siku, siyo laini ya ofa iliyolala kwenye droo, maana laini ikikaa sana bila kutumika inafungwa na namba anapewa mtu mwingine, halafu yeye ndo anapokea meseji zako za kubadilisha pasiwadi.

Ukishamaliza, washa kufuli ya kuzuia domeini isihamishwe, ipo kwenye mipangilio ya kila msajili anayeeleweka, na ule ulipaji wa kujirudia kama una kadi.

Nyumba yenyewe

Hapa nitasema ninachoamini hata kama watu wa kompyuta watanibeza. Kama unaanza na hujui kama utaandika hata makala kumi, anza na Blogger. Ipo tangu 1999, Google waliinunua 2003, ni bure, kufuli ya HTTPS, ile inayofunga mawasiliano yasisomwe njiani, wanakuwekea wenyewe, seva wanailinda wenyewe, kazi yako ni kulinda akaunti yako ya Gmail tu. Themu zake zimechakaa kidogo, kweli, ila sijaona msomaji aliyekimbia makala nzuri kwa sababu ya themu. Domeini yako unaweza kuiunganisha humohumo.

WordPress ni hatua ya pili, na hapo utenganishe vitu viwili vinavyowachanganya wengi. Kuna WordPress.com, ni kampuni inakupangisha na kukuendeshea. Na kuna WordPress ya kupakua bure kutoka WordPress.org, programu iliyoanza 2003, unaiweka kwenye hostingi yako mwenyewe na kila kitu ni juu yako, ulinzi, bakapu (nakala za akiba), apudeti. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinatumia hiyo programu, na ndo maana wezi nao wanaipenda, ukipata ufunguo mmoja unafungua milango mingi.

Kama bando ni tatizo, na Dodoma hii nani halimsumbui, kuna programu inaitwa Local, ya bure, unaiweka kwenye laptopu na inakuwezesha kuijenga WordPress nzima bila intaneti. Unacheza na themu, unaharibu, unafuta, unaanza upya, hamna anayekuona. Ikikaa sawa ndo unaipandisha. Mi ya pili niliijenga hivyo, usiku, Ihumwa nyumbani, umeme ukikatika naendelea na chaji ya laptopu mpaka iishe.

Urembo, kwa kifupi, isipokuwa picha

Fikiria anayekusoma yuko wapi. Yangu inasomwa na mkulima wa Mpunguzi amesimama shambani saa saba mchana, jua la Dodoma unalijua, simu ya kioo kilichopasuka, na bando la siku. Yule hawezi kusoma maandishi ya kijivu juu ya weupe hata kama mbunifu kasema ndo fasheni. Weka maandishi meusi, makubwa. Kuna kipimo cha bure cha WebAIM unaweka rangi ya maandishi na rangi ya nyuma kinakupa uwiano, ukipata 4.5 kwa 1 kwenda juu uko salama, chini ya hapo badilisha. Themu chukua nyepesi, GeneratePress, Astra au Kadence, zote zina toleo la bure ndani ya WordPress kwenyewe. Chagua moja uache kuzungukazunguka.

Fonti jaribu kwa neno lenye ng'. Naongea kwa uchungu, kuna fonti fulani ya mbwembwe niliiweka, nikaandika Ng'hong'ona, jina la sehemu hapa Dodoma, na ng'ombe, ile alama juu ikawa inaonekana kama koma iliyodondoka, katikati pengo kubwa utadhani maneno matatu. Fonti za Google ni bure na unaweza kuandika maneno yako kwenye kisanduku chao uone kabla ya kuchukua, usiangalie ile sentensi yao ya Kiingereza.

Sasa picha. Picha moja ya simu za siku hizi ina MB 3, 4, mpaka 5. Weka kumi kwenye makala moja, msomaji kafungua mara moja kapoteza MB 40 kwa kutazama zabibu. Harudi. Fungua Squoosh kwenye brauza (ya bure, wametengeneza watu wa Chrome, na picha haitoki kwenye simu yako, kazi inafanyika humohumo), punguza upana uwe piksel 1200, chagua aina ya faili ya WebP, sogeza kile kishale cha ubora mpaka kwenye 75 hivi, halafu angalia ukubwa pale chini. Picha yangu ya kichala cha zabibu iliyokuwa MB 4.2 ilitoka na KB 130, na nikiziweka pembeni kwa pembeni sioni tofauti mpaka nivute sana. Kumi za hivyo ni MB 1 na kidogo. Kama ni nyingi kwa mpigo TinyPNG nayo inafanya kazi nzuri.

Picha za bure zipo Unsplash, Pexels na Pixabay, ila ukitafuta zabibu utaletewa vilima vya Italia na mzungu kashika glasi. Msomaji wa Makutupora anajua mzabibu wake unafananaje. Piga zako. Na usibebe picha Google ukasema "imetoka mtandaoni", Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na pia ni tabia mbaya tu. Wikimedia Commons unaruhusiwa kuchukua ila soma leseni chini ya picha, nyingi zinataka umtaje aliyepiga.

Ukimaliza pitisha anwani ya blogu kwenye PageSpeed Insights ya Google, angalia upande wa simu usiangalie wa kompyuta. Kitu kikubwa cha ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Itakutajia hadi picha gani inakuchelewesha.

Ulinzi, hapa kaa chini

Turudi kwa Wajapani. Huo udukuzi una jina kabisa, Google wenyewe wameuandikia maelekezo. Mwizi akiingia anatengeneza mamia ya kurasa za Kijapani zenye linki za maduka feki, lakini anazionyesha kwa roboti ya Google tu. Wewe mwenye nyumba ukifungua unaona nyumba yako. Kwa hiyo unaweza kukaa miezi unaandika kwa raha huku jina lako linauza mikoba. Namna ya kujua ni rahisi: ingia Google andika site: kisha jina la domeini yako bila nafasi katikati, uone inaorodhesha nini. Mi sa hivi nafanya kila Jumamosi, dakika moja.

Wanaingiaje? Yangu iliingia kwa ulafi. Nilitaka themu ya kulipia, mtu akanitumia Telegramu "ipo bure, imekrakiwa". Nikashukuru nikaiweka. Ndani yake mlikuwa na mlango wa nyuma. Themu au plagini (programu ndogo ya kuongeza kwenye WordPress) ya kulipia inayogawiwa bure usiiguse, chukua ya bure ya halali, mtu hawezi kukaa usiku kuvunja kufuli ya watu halafu akupe wewe kwa upendo.

Njia nyingine ni kutofanya apudeti. Mwaka 2017 WordPress walitoa toleo 4.7.2 tarehe 26 Januari kuziba tundu lililomruhusu mtu yeyote kubadilisha makala yako bila hata kuingia. Siku chache baada ya tundu kutangazwa, kurasa zaidi ya milioni zilichafuliwa, na zote zilikuwa za watu ambao hawakuapudeti. Kwa hiyo washa apudeti za kujiendesha, za programu na za plagini. Na plagini usizijaze, kila plagini ni dirisha. Mi ninazo saba. Isiyotumika usiizime tu, ifute.

Pasiwadi. Naomba usitumie jina la mtoto na mwaka. Pakua Bitwarden, programu ya kutunza pasiwadi, bure, iache itunge na kukumbuka, wewe kumbuka moja tu ndefu ya kuifungulia. Halafu ingiza imeili yako kwenye Have I Been Pwned, ya Troy Hunt, ipo tangu 2013, itakwambia kama imeili yako imewahi kuvuja kwenye wizi wa data wa tovuti fulani. Yangu ilivuja mara tatu, na pasiwadi niliyoitumia kule ndo hiyohiyo nliyokuwa nafungulia blogu, sikulala. Kisha weka hatua ya pili ya kuingilia kwa programu kama Google Authenticator au Aegis, kwenye Gmail, kwa msajili wa domeini, kwenye hostingi na kwenye WordPress. Zile namba za dharura wanazokupa ziandike karatasini, zangu ziko kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja, mama watoto anajua ilipo.

Jina la kuingilia lisiwe admin. Weka plagini ya Limit Login Attempts Reloaded ya kumfungia anayejaribujaribu pasiwadi, au Wordfence ya bure ambayo ina hiyo na pia inakagua mafaili. Siku ya kwanza niliyoweka ilinionyesha watu wanajaribu kuingia kila dakika chache, usiku kucha, nikaogopa, baadaye nikajua ni roboti tu na kila blogu duniani inagongewa hivyo. Kufuli ya HTTPS usiuziwe, Let's Encrypt wanatoa bure na hostingi nyingi zimeiunganisha, cheti kinaishi muda mfupi ila kinajihuisha chenyewe. Ukiambiwa ulipe laki kwa "SSL", ambayo ndo kufuli hiyohiyo, ya blogu ya mapishi, uliza kwa nini.

Kusafisha ilikuwaje, nieleze maana utahitaji siku moja, Mungu apishe mbali. Kwanza hostingi, nilimpata yule kijana kupitia shemeji yake, akanipa akaunti, hana ubaya, alisahau tu. Nikabadilisha pasiwadi zote. Nikaingia Search Console ya Google, pale mwenye tovuti anapoona Google inaionaje tovuti yake, nikakuta kuna mmiliki wa pili, imeili nisiyoijua, mwizi kajiandikisha mwenye nyumba! Nikamtoa, na faili lake la uthibitisho nikalifuta, ukiliacha anarudi. Nikaangalia orodha ya watumiaji kwenye WordPress, msimamizi mmoja wa ziada, nikamfuta. Nikafuta themu na plagini zote nikaweka upya kutoka WordPress.org, na mafaili ya WordPress yenyewe nikaweka mapya, nikaacha wp-config (faili la mipangilio) na folda ya wp-content (ya picha na themu) ila nazo nikazikagua. Folda ya picha, uploads, inatakiwa kuwa na picha, ukikuta faili la .php lenye jina la ajabu karibu kila mara ni mgeni mbaya, mi nilikuta manne, moja limejiita kama picha. Faili la .htaccess, linaloipa seva maelekezo, nalo lilikuwa limechezewa. Wordfence ikakagua tena, Sucuri SiteCheck ikakagua kwa nje, ikatoka safi. Kijapani kwenye Google kiliisha polepole, kama mwezi na nusu.

Kazi yote hiyo ingekuwa ya nusu saa kama ningekuwa na bakapu. Plagini ya UpdraftPlus ya bure inatuma nakala Google Drive yenyewe, kila wiki, mafaili na hifadhidata vyote viwili. Kanuni ya zamani ni nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja iwe mbali. Yangu: seva, Drive, na flashi iliyoko kwa dada Kondoa. Bakapu iliyolala kwenye seva ileile siyo bakapu, moto ukiwaka unaunguza vyote. Na jaribu kuirudisha angalau mara moja, kwenye ile Local ya laptopu, maana bakapu ambayo hujawahi kuifungua huijui. Watu wa Blogger nanyi mna kitufe cha kupakua nakala ya makala kwenye mipangilio, kibonyezeni. Na kama tayari umepoteza, kimbilia Wayback Machine ya archive.org, wanaotunza nakala za kurasa za zamani, kabla hujalia, niliokota huko makala mbili nilizofuta kwa bahati mbaya wakati wa usafi, za mwaka 2021, hadi picha moja.

Kuendesha

Search Console iunganishe siku ya kwanza, siyo mpaka upate tatizo. Inakuonyesha watu wanaandika maneno gani wakakufikia. Hapo ndo nilijua hakuna anayeandika "kilimo bora cha zabibu", wanaandika "bei ya zabibu dodoma" na "dawa ya ubwiri unga". Nikaandika hizo. Na pia watu hawaandiki ile alama ya ng', wanaandika nghongona, ngongona, wengine ng'ong'ona, kwa hiyo kwenye makala moja jina la sehemu naliandika sahihi kwenye kichwa, na kwenye anwani ya ukurasa WordPress yenyewe inaiondoa ile alama.

Maoni ya matangazo ya ajabu yazuie kwa plagini ya Akismet, ni bure kwa blogu binafsi, ukishaanza kuuza kitu wanataka ulipie. Kama unakusanya namba au imeili za watu ujue kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, usizigawe hovyo kwa mtu wa matangazo. Na leseni ya kuchapisha mtandaoni: kanuni za maudhui mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena, kwa hiyo usishike bei wala masharti ya rafiki yako aliyelipia 2018. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Kanda ya Kati wako hapahapa mjini, waulize kabla ya kuanza, hasa kama utaandika habari na siasa.

Kuandika kwenyewe naandikia kwenye simu, kwenye noti, bila intaneti, nikiwa kwenye foleni au daladala ya Mtumba, usiku nabandika. Makala mbili kwa mwezi. Nilijaribu kila siku nikachoka wiki ya tatu.

Kuhusu hela ya kulipia, domeini unaweza kuihuisha kabla ya tarehe yake na miaka inaongezwa juu, haipotei. Yangu inaisha Novemba, mwezi ambao mfukoni hamna kitu, kwa hiyo naihuisha mwezi wa tisa, mavuno ya pili ya zabibu, siku ileile ninayolipwa kreti za kwanza, kabla mtu wa mbolea hajapiga simu.